Kupima damu ya aliyeumia kichwa: kuanzia saa ya ajali hadi kusoma majibu

Kipimo cha damu cha jeraha la ubongo kinajibu swali moja kwa uhakika: mtu mzima huyu aliyeumia kichwa leo, ambaye bado anaongea na kufumbua macho, anaweza kuachwa bila picha ya CT (eksirei ya kina ya kichwa) pasipo kumhatarisha? Maswali mengine ambayo watu hukitwisha, kama atapona lini, atarudi lini kazini au kwa nini anasahau, kinayajibu nusunusu au hakiyajibu kabisa. Mwongozo huu ni wa daktari wa zamu, muuguzi wa mapokezi ya dharura na mtaalamu wa maabara. Unafuata mwendo wa kazi ulivyo. Sehemu ya saa ya ajali na sehemu ya tyubu zimerefushwa makusudi, kwa kuwa huko ndiko majibu huharibikia, mashine ikiwa haina kosa lolote.

Unapima nini hasa

Ubongo ukipigwa au kutikiswa kwa nguvu, seli zake huvuja na protini zilizomo huingia kwenye damu. Kiasi chake ni kidogo mno, tena kinahesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu.

Protini mbili ndizo zinazobeba kazi ya siku ya kwanza. GFAP hutoka kwenye astrosaiti, seli zenye umbo la nyota zinazoshikilia na kulisha nyuroni, yaani seli za neva. Huonekana kwenye damu ndani ya saa moja hivi, hufika kilele karibu saa ya 20 baada ya ajali, kisha hushuka taratibu kwa siku kadhaa. UCH-L1 ni kimeng'enya kilichojaa ndani ya nyuroni zenyewe. Nayo hutokea mapema, lakini kilele chake ni karibu saa ya 8 na kushuka kwake ni kwa haraka. Ndiyo maana huenda pamoja: kila moja ina saa zake za kuonekana vizuri, na inapozidi kufifia UCH-L1, GFAP bado iko juu.

Zipo nyingine tatu utakazokutana nazo. S100B hutoka kwenye astrosaiti pia, ila hutengenezwa vilevile na mafuta ya mwili, gegedu na seli za rangi ya ngozi. NSE hutoka kwenye nyuroni, lakini chembe nyekundu za damu na chembe sahani nazo zimejaa NSE, jambo linalosumbua sana kama tutakavyoona. NfL hutoka kwenye nyuzi ndefu za nyuroni. Hupanda polepole kwa siku nyingi na kufika juu kabisa wiki ya pili hivi, kwa hiyo haifai kabisa kwa uamuzi wa usiku wa ajali.

Hatua ya 1: Amua kama mgonjwa anastahili kipimo

Anayestahili ni mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, mwenye alama za Glasgow (kipimo cha fahamu, ambacho 15 ni fahamu kamili) 13 hadi 15, aliyeumia kichwa ndani ya saa 24 ikiwa katriji yako, yaani kile kibebeo kidogo kinachotiwa damu na kuingizwa kwenye mashine, ni ya damu nzima, au ndani ya saa 12 ikiwa ni ya plazma (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe), na ambaye daktari angemwandikia CT kwa sababu ya mashaka. Kama hakuna mashaka yoyote, mtu kajigonga kwenye kizingiti na ana nundu tu, usimpime. Utaishia na majibu chanya usiyojua pa kuyapeleka.

Wafuatao wasisubiri damu, waende CT moja kwa moja, au rufaa ianze mara moja pasipo na CT: aliye chini ya alama 13; ambaye alama zake zinashuka, hata kama zilianza 15; mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine; mwenye udhaifu wa upande mmoja; aliyepata degedege baada ya kuumia; mwenye fuvu lililobonyea; mwenye dalili za kuvunjika kitako cha fuvu, yaani maji masafi au damu kutoka sikioni au puani, weusi kuzunguka macho yote mawili, au weusi nyuma ya sikio. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda naye apigwe picha, kwa sababu damu yake inaweza kuanza kuvuja polepole baada ya wewe kumpima na kumruhusu.

Pima sukari ya damu kabla ya kuhesabu alama za Glasgow. Na mlevi asipewe punguzo. Alama 13 za mtu anayenuka pombe zihesabiwe kuwa 13 za jeraha la ubongo hadi ithibitike vinginevyo.

Kuna kosa moja la huruma linalofanyika kwa wazee. Bibi aliyeanguka wiki tatu zilizopita, sasa kichwa kinamuuma na amekuwa mzito wa kuongea, analetwa na mtu anasema apimwe damu kwanza ili kupunguza gharama. Damu haitasema kitu. Protini za siku ya kuanguka zimekwisha ondoka, na anachoshukiwa nacho ni damu iliyojikusanya taratibu chini ya fuvu. Huyo ni wa picha.

Watoto wasipimwe kwa katriji hizi. Zimeidhinishwa kwa watu wazima peke yao.

Hatua ya 2: Pata saa ya ajali, na uiandike kwa namna isiyochanganya

Hapa tunaomba utulie kidogo, kwani ni hapa Kiswahili chenyewe kinapoingia kwenye maabara.

Ndugu wa mgonjwa anasema, "Alianguka saa tatu." Anamaanisha saa tatu usiku. Aliyezoea fomu za Kizungu anaandika 03:00. Damu inachukuliwa 05:00 alfajiri. Kwenye karatasi, sampuli ina umri wa saa mbili, lakini kweli ina saa nane, kwa sababu saa tatu usiku ni 21:00. Kama maabara yako inatumia S100B, ambayo hupungua hadi nusu ndani ya saa moja au mbili na ambayo haitakiwi kupimwa baada ya saa 6, umepata jibu hasi lisilo na maana yoyote, nalo linaonekana safi kabisa. Kama unatumia GFAP na UCH-L1, bado uko ndani ya dirisha, yaani muda ambao kipimo kinafaa, lakini UCH-L1 ndiyo kwanza imefika kilele, wakati wewe unadhani inaanza kupanda.

Kwa hiyo uliza maswali matatu. La kwanza: asubuhi, mchana, jioni au usiku? La pili: ilikuwa kabla au baada ya tukio ambalo kila mtu anajua saa yake, kama adhana ya isha, taarifa ya habari ya usiku, au wanafunzi kutoka shule? La tatu: nani alimwona mzima mara ya mwisho? Hili la tatu ni la yule aliyeokotwa barabarani. Kwake saa ya ajali ni saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, siyo saa aliyookotwa. Ikiwa hiyo inamtoa nje ya dirisha, basi yuko nje ya dirisha, na anapigwa picha.

Andika kwenye fomu namna zote mbili: "saa 3 usiku = 21:00". Halafu andika saa damu ilipotoka kwenye mshipa, siyo saa sampuli ilipopokelewa maabara.

Hatua ya 3: Chukua damu

Kwa GFAP na UCH-L1 tumia damu ya vena kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau. Damu ya kidole haikubaliki kwa katriji za sasa. Usichote kutoka mkono wenye dripu, kwa sababu maji ya dripu huizimua damu, na namba iliyopaswa kuwa juu ya kikomo inashuka chini yake. Mkono wa pili upo, utumie.

Kifungio cha mkono kisizidi dakika moja. Jaza tyubu hadi kwenye mstari wake. Tyubu iliyojaa nusu ina dawa ya kuzuia kuganda iliyozidi kwa damu iliyomo. Kisha igeuze juu chini taratibu mara 8 hadi 10. Igeuze, usiitikise: ukiitikisa unapasua chembe, usipoigeuza vijidonge vya damu vinaganda chini na baadaye vinaziba katriji. Ukichota kwa bomba la sindano, usisukume damu kwa nguvu kupitia kifuniko. Acha tyubu iivute yenyewe.

Ikiwa unachukua tyubu kadhaa kwa mkupuo mmoja, ya seramu (maji ya damu iliyokwisha ganda) itangulie na ya zambarau ifuate. EDTA ikigusa tyubu ya seramu inaharibu kalisi na potasiamu, nawe utamtibu mgonjwa kwa namba za uongo.

Kwa NSE utaratibu ni mwingine. Inahitaji seramu, na seramu hiyo itenganishwe kwenye mashine ya kuzungushia ndani ya saa moja baada ya kuchukuliwa. Chembe nyekundu zikikaa juu ya seramu zinavuja NSE yake, na zikipasuka zinaimwaga. Seramu nzuri ina rangi ya majani makavu. Ikianza kuelekea wekundu wa juisi ya choya, itupe na uchukue nyingine. Jicho peke yake halitoshi: kupasuka kwa chembe kusikoonekana kwa macho tayari kunapandisha NSE, kwa hiyo dai kipimo cha hemolisisi, yaani cha huko kupasuka, kutoka kwenye mashine kila mara, na majibu yasitoke bila hicho. Sampuli inayosafirishwa kwenda maabara ya mkoa itenganishwe kwanza ndipo ipande gari. Damu nzima iliyoruka kwenye barabara ya makorongo kwa saa mbili haifai kwa NSE hata ikiwa kwenye barafu.

Kuna ambao chembe zao zinapasuka ndani ya mwili wenyewe: mgonjwa wa selimundu aliye katika hali mbaya, mwenye malaria kali, aliyeongezewa damu isiyomfaa. Kwao NSE itakuwa juu hata uchukue damu kwa ustadi gani, na ubongo hauhusiki. Kwao usiitumie.

Hatua ya 4: Endesha katriji

Tuchukue i-STAT, mashine ndogo ya kampuni ya Abbott, kwa kuwa ndiyo inayobebeka. Katriji hukaa kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8. Kabla ya kutumia, itoe uiache ifikie joto la chumba kwa muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, nayo ikiwa bado kwenye mfuko. Mfuko ufunguliwe pale tu unapokuwa tayari kutia damu. Katriji iliyotoka kwenye friji ikawekwa humo tena ni ya kutupwa.

Mashine yenyewe inataka chumba cha nyuzi 16 hadi 30. Mchana wa Februari Dar es Salaam au Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi kinavuka 30 na mashine inakataa kufanya kazi. Hiyo siyo hitilafu. Ihamishie chumba kilichopoa, isubiri ipoe, kisha anza upya. Nguvu ya betri nayo iangaliwe kabla umeme haujakatika.

Geuza tyubu tena taratibu kabla ya kuchota, kwa kuwa chembe zimekwisha tulia chini. Tia damu hadi kwenye alama, bila kupita na bila kupungua, na bila kiputo cha hewa. Usiguse vituo vya chuma vya katriji kwa vidole. Weka mashine juu ya meza iliyo sawa na usiisogeze hadi imalize, kwa sababu vipimo vya aina hii hutegemea maji kutembea kwenye mifereji myembamba, na mwinamo unayapeleka pasipo pake. Majibu hutoka kwa takriban dakika 15. Ikitokea protini moja imetoa namba na nyingine imetoa nyota au alama ya hitilafu, tazama iliyotoka: ikiwa imevuka kikomo, jibu ni chanya tayari, ikiwa iko chini, huna jibu. Rudia kwa katriji mpya.

Hatua ya 5: Soma namba kwa kikomo cha katriji uliyotumia

Kipimo cha kwanza cha protini hizi mbili kiliidhinishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani Februari 2018. Vikomo vyake vilikuwa GFAP 22 na UCH-L1 327, vyote kwa pikogramu kwa mililita. Katriji ya plazma ya i-STAT, iliyoidhinishwa Januari 2021, ina vikomo vya 30 na 360. Ya damu nzima, iliyoidhinishwa Aprili 2024, ina 65 na 360.

Sasa chukua mgonjwa mwenye GFAP 41 na UCH-L1 210. Kwa katriji ya damu nzima jibu ni hasi. Namba zilezile zingetoka kwenye katriji ya plazma, jibu ni chanya. Daktari anayepokea simu usiku akiambiwa "GFAP ni arobaini na moja" bila kuambiwa ya katriji ipi, hajaambiwa kitu. Wala usilinganishe namba ya leo ya hospitali moja na ya kesho ya hospitali nyingine yenye mashine tofauti ukasema inashuka.

Kanuni yenyewe ni fupi: zote mbili zikiwa chini ya kikomo, jibu ni hasi, yoyote ikifika au kuvuka, jibu ni chanya.

Maana ya hasi na chanya ndiyo yenye uzito. Utafiti wa ALERT-TBI, uliotoa majibu yake 2018 na ndio uliofungua mlango wa idhini ile ya kwanza, ulikuwa na watu 1,959. CT iliona jeraha ndani ya fuvu kwa watu 125. Damu iliwakamata 122 kati yao na kuwapitia 3. Waliopata jibu hasi walikuwa 671, kwa hiyo ukiwa na jibu hasi uwezekano wa kuwa na jeraha la kuonekana kwenye CT ulikuwa chini ya mmoja kwa mia mbili. Wanane waliohitaji mkono wa daktari wa upasuaji wa ubongo hakuna hata mmoja aliyekuwa na jibu hasi. Hiyo ndiyo nguvu ya kipimo hiki.

Upande wa pili: waliopata jibu chanya walikuwa 1,288, na kati yao 122 tu ndio waliokuwa na jeraha kwenye picha. Yaani kati ya kumi wenye jibu chanya, tisa CT yao ilikuwa safi. Kwa hiyo jibu chanya halimaanishi damu imevuja kichwani. Linamaanisha piga picha. Tunasisitiza hili kwa sababu tunajua namna neno "chanya" linavyopokewa kitandani. Ndugu wanaanza kulia, mwingine anauza ng'ombe. Mwambie mgonjwa na ndugu zake hayo kabla hujachukua damu, siyo baada ya majibu.

Wazee hupata chanya zaidi, kwa kuwa GFAP hupanda na umri. Aliyewahi kupata kiharusi hivi karibuni au mwenye uvimbe wa ubongo anaweza kuwa juu bila kuanguka popote.

Neno moja kuhusu S100B, kwa kuwa bado inatumika. Mwongozo wa Skandinavia wa 2013 unaruhusu watu wazima wenye jeraha dogo na hatari ndogo kwenda nyumbani bila CT ikiwa S100B iko chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita na damu imechukuliwa ndani ya saa 6. Ni kipimo kizuri kwa mahali kilipotoka. Ila aliyevunjika paja hupanda S100B bila ubongo kuguswa, na wengi wa wanaoletwa kwa ajali za bodaboda wamevunjika mguu. Kisha, kwa kuwa seli za rangi ya ngozi nazo huitengeneza, kiwango cha kawaida cha watu weusi kimepimwa kikaonekana kuwa juu kuliko cha Wazungu. Kikomo kile kikiletwa kwetu bila kuhakikiwa kinaweza kuwapeleka CT watu wengi wasiohitaji, na lengo lote lilikuwa kupunguza hao.

Hatua ya 6: Mwenye jibu hasi anakwenda nyumbani na maagizo, siyo na pongezi

Jibu hasi haliondoi mtikiso wa ubongo. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kusahau na kuchukia mwanga vinaweza kuwepo na damu ikawa safi. Mwangalie hadi alama za Glasgow ziwe 15, awe anatembea na anakunywa bila kutapika. Kisha mpe yeye na atakayelala naye maneno haya kwa maandishi:

"Mtu mzima alale nawe usiku wa leo. Usiendeshe pikipiki wala gari, usinywe pombe. Kwa maumivu, meza parasetamoli. Aspirini na diklofenaki ziache. Pumzika siku moja au mbili, kisha rudia shughuli kidogo kidogo. Rudi hospitali mara moja, hata usiku wa manane, ukitapika zaidi ya mara moja, kichwa kikizidi kuuma badala ya kupungua, ukipata degedege, ukianza kuongea visivyoeleweka, mkono au mguu ukilegea, maji yakitoka puani au masikioni, au wenzako wakishindwa kukuamsha."

Aliyerudi na dalili hizo hapimwi damu tena. Anapigwa picha.

Kwa hospitali ya wilaya isiyo na CT, kipimo hiki kina kishawishi chake. Kinaweza kusaidia kumwacha pale pale mtu ambaye angesafirishwa kilomita 200 kwa picha itakayotoka safi, na hilo ni jema. Kisitumike kamwe kumzuia anayezidi kudhoofika eti kwa sababu damu ya saa ya kwanza ilikuwa hasi. Mboni na alama za Glasgow, zikipimwa kila nusu saa, zina neno la mwisho.

Kutabiri kupona: damu inajua nini

Mradi wa utafiti wa majeraha ya ubongo wa TRACK-TBI wa Marekani ulitoa mwaka 2022 majibu ya watu 1,696 waliopimwa GFAP na UCH-L1 siku ya ajali na kufuatiliwa miezi sita. Uwezo wa kutofautisha hupimwa kwa namba kati ya 0.5, ambayo ni sawa na kurusha sarafu, na 1, ambayo ni kutokosea kabisa. Kwa kutabiri kifo, GFAP ilipata 0.87 na UCH-L1 0.89. Kwa kutabiri ulemavu mkubwa au kifo, zote zilipata karibu 0.86. Kwa kutabiri nani hatapona kikamilifu, yaani yule anayetembea na kuongea lakini hajarudi kuwa alivyokuwa, zilipata karibu 0.62. Hiyo ya mwisho haifai kumwambia mtu kitu. Na wengi wa wagonjwa wetu wa jeraha dogo swali lao ni hilo hilo.

Kwa hiyo kwa mwenye jeraha kubwa, tia namba ya damu pembeni ya umri, alama za msogeo za Glasgow, mboni, majeraha mengine ya mwili na CT. Kikokotoo cha CRASH, cha kutabiri hali ya aliyeumia kichwa, kilitengenezwa kwa data za wagonjwa 10,008, kinatofautisha nchi tajiri na nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na kinapatikana bure. Anza nacho. GFAP ikiwa juu sana inaongeza uzito kwenye picha ambayo tayari ni mbaya. Ikiwa chini kwa mtu aliye katika koma, tafuta sababu nyingine ya koma hiyo.

Kwa mwenye jeraha dogo na CT safi, GFAP ina faida nyingine. Mradi huohuo ulionyesha mwaka 2019 kwamba kati ya watu 450 wenye CT safi, 120 walikuwa na jeraha lililoonekana kwenye MRI (picha ya sumaku), na walio na GFAP ya juu ndio walioelekea kuwa nalo. Basi mwenye CT safi na GFAP ya juu apangiwe kliniki ndani ya wiki mbili, asiachwe na "kila kitu kiko sawa". Akilalamika kwamba hakumbuki hesabu za duka lake, aaminiwe.

NSE ina nafasi yake kwa aliyefufuliwa baada ya moyo kusimama. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unaweka kikomo cha mikrogramu 60 kwa lita kwenye saa 48 au saa 72. Zamani kilikuwa 33, na kilionekana kuwahukumu watu ambao baadaye waliamka, hasa baada ya wagonjwa kuanza kupozwa miili. Chukua damu saa 24, 48 na 72, maabara ileile, mashine ileile. NSE inayopanda kati ya sampuli moja na nyingine inasema zaidi kuliko namba moja iliyo peke yake. Hata ikivuka 60, haitoshi: mgonjwa awe bado hana fahamu saa 72, dawa za usingizi zimekwisha mwilini, na ipatikane angalau dalili nyingine mbaya, kama mboni na konea (kioo cha mbele ya jicho) zisizoitika, au picha ya ubongo uliovimba wote. Kumwondolea mtu mashine kwa namba moja ya maabara ni kosa lisiloweza kusahihishwa.

Unapoongea na familia, sema unachokijua kwa mpangilio huu: "Mama, vipimo vyote tulivyofanya, pamoja na damu, vinaonyesha ubongo wa kijana umeumia sana. Damu peke yake haiwezi kutuambia atakuwaje. Tutamwangalia tena keshokutwa, na tutakaa nawe tena." Usimpe namba. Namba itasambaa ukoo mzima kabla ya jioni na kila mmoja atakuwa na tafsiri yake.

Barua ya rufaa

Anayempokea mgonjwa wako hataweza kutumia majibu yako bila vitu sita: saa ya ajali, saa ya kuchukua damu, aina ya sampuli, jina la katriji, namba pamoja na kipimio chake, na alama za Glasgow za dakika ile ile. Iandikwe hivi: "Ajali saa 3 usiku (21:00), pikipiki. Damu 23:40, vena, EDTA, damu nzima, i-STAT. GFAP 188 pg/mL, kikomo 65. UCH-L1 402 pg/mL, kikomo 360. Glasgow 14 saa 23:40, 13 saa 00:10, mboni sawa. Anapelekwa kwa CT." Mpigie simu anayepokea, umsomee mstari wa alama za Glasgow kwanza, ndipo wa damu.